Misumari ya Mtu Mmoja

Tulimzika Mzee Hamisi alasiri ya siku ileile aliyofariki, kama ilivyo desturi yetu Waislamu, na mimi nilifika kutoka Bungoma nikihema, udongo ukiwa umeshaanza kurudishwa. Niliokota sepetu. Nilipoinua uso nikamwona Sifuna upande wa pili wa kaburi, kati ya majirani Wakristo waliokuja kumsindikiza mzee. Amenenepa. Ana kitambi cha mtu anayelala usingizi mzuri, na zile ndevu alizozitamani sana ujanani hatimaye zimekubali kuota. Tulipomaliza alikuja akanipa mkono. "Rajabu," akasema. "Sifuna," nikasema. Tukaulizana watoto, mvua, bei ya mbolea. Akaniambia ana ng'ombe watatu wanaokamuliwa sasa. Nikamwambia hongera. Kisha kila mmoja akashika njia yake, watu wawili waliowahi kulala kitanda kimoja na kula katika sufuria moja, na hakuna aliyetaja chuma. Mtu pekee aliyejua tulichofanyiana ndiye tuliyetoka kumfukia. Ndiyo maana nimekaa kuandika, mimi ambaye barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika ilikuwa ya kuomba kazi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na kichwa kilichojaa ndoto mpaka nyingine zinamwagika. Shule niliiachia kidato cha pili. Nilikuwa nazungusha gurudumu kwa Mzee Hamisi, fundi wa kufua vyuma kule Kitale: gurudumu la baiskeli lililofungwa mkanda, mkanda ukaendesha feni, feni ikapuliza mkaa, na chuma kikawa chekundu kama pilipili. Sifuna alifanya kazi kwenye pikapu la maziwa lililotoka Kachibora kila asubuhi, kupakia na kupakua mitungi. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya msikiti, kuta za mabati, kitanda kimoja, jiko la makaa, na kamba tuliyoning'iniza suruali zetu nzuri, yangu ya Ijumaa na yake ya Jumapili. Jioni moja alikuja na simu yake iliyopasuka kioo. "Raja, ona huyu msee." Alikuwa mwanaume wa nchi za mbali, mnene kama pipa, ameufunga kitambaa msumari wa inchi sita, akaubana chini ya kidevu, uso ukamwiva, na msumari ukakunjika kama chapati. Tulimtazama mara kumi. "Hiyo kitu tunaweza," Sifuna akasema. "Tunaiweza kabisa, bana." Mimi nilikuwa nimeshajiona uwanjani, watu wamejaa, na baba mmoja amembeba mtoto mabegani ili anione vizuri.

Kitu ambacho yule mtu wa kwenye simu hakukitaja ni gharama. Anayenyanyua vyuma hununua mara moja, na kesho chuma kipo palepale kinamngoja. Tuliwajua vijana waliojaza saruji kwenye mikebe ya rangi wakaitumia miaka mitatu. Lakini msumari ukishaukunja umekufa. Unataka mwingine, na mwingine. Tulianza na ya inchi nne, tukapanda ya tano, na kilo nzima iliisha kwa siku mbili. Ngozi ya kukinga viganja tulipewa na fundi viatu, masalio ya buti kuukuu. Chaki ya kukausha jasho Sifuna aliiomba kwa mwalimu aliyempelekea maziwa. Hivyo vilipatikana kwa maneno matamu. Msumari haukukubali maneno. Mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi alidhani tuna kiwanja. "Nyumba imefika wapi?" akatuuliza. "Imefika kwa madirisha, mama," Sifuna akamjibu bila kupepesa macho. Kwa misumari tuliyonunua mwezi ule nyumba yetu ingekuwa ya ghorofa, na wenye ghorofa walikuwa wanakula ugali kwa chumvi.

Mzee Hamisi ndiye aliyetuokoa, au hivyo ndivyo tulivyodhani. Aliona ndoo yangu ya misumari iliyokunjwa akacheka mpaka akakohoa. "Wewe kazi yako kukunja, na mimi nikae hapa ninyooshe. Sasa mjinga ni nani?" "Ni mimi, mzee." "Haya, lete." Jioni, mkaa ukiwa bado na moto na wateja wameondoka, aliitia misumari ndani, akautoa mmoja mmoja, akaugonga juu ya kipande chake cha reli ukanyooka, kisha akautumbukiza kwenye pipa la jivu usije ukamchoma mtu. Asubuhi niliichokoa jivuni kama anayevuna viazi. Ilikuwa myeusi kidogo na ncha zimebutuka, lakini kwetu msumari ni msumari, na huu ulikuwa wa bure.

Kuanzia hapo tukawa majabali. Msumari wa inchi sita, ambao mwezi uliotangulia ulitutoa machozi, sasa ulitutii. Sifuna alikuwa bora kuliko mimi, niseme ukweli; alikunja ishirini kabla ya chai na bado akapiga mluzi. Pale wanapopima maziwa watu walimzunguka, na kina mama walichukua misumari yake iliyokunjwa wakaenda nayo nyumbani kuwaonyesha waume zao. Ndipo habari ikaja kutoka Bungoma. Kikundi cha sarakasi kilichozunguka mashuleni na sokoni kilikuwa kinatafuta watu wa kukunja chuma, wawili, chakula na malazi juu yao na malipo kila wanapocheza. Wawili! Sifuna aliruka akagonga kichwa kwenye bati. Siku hiyohiyo alimwambia mwenye pikapu atafute mtu mwingine, maana mazoezi, alisema, hayataki mgongo uliochoka. Kesho yake nafasi yake ilikuwa na mtu. Tulibaki na miezi miwili kabla ya majaribio, mshahara wangu, na unga na maharagwe aliyotumiwa na shangazi yake wa Kamukuywa.

Zilikuwa zimebaki wiki sita niliposikia maneno ambayo hayakuwa yangu. Fundi mawe mmoja alileta tindo yake ya kuchonga mawe iliyokuwa ngumu mno, hata tupa haishiki. Mimi nazungusha gurudumu, wao wanaongea. "Chuma kikikukatalia hivi," Mzee Hamisi akamwambia, "kipashe mpaka kiwe chekundu, halafu kilaze kwenye jivu kipoe polepole. Asubuhi unakikuta kimelegea, unakifanya unavyotaka." Fundi mawe akasema, "Kumbe." Mimi sikusema kumbe. Mkono ulisimama kwenye gurudumu, feni ikanyamaza, mzee akageuka. "We, moto unakufa!" Nikazungusha tena. Nilikuwa nalitazama lile pipa la jivu.

Mchana ule sikula. Nilikwenda dukani nikanunua msumari mmoja, mmoja tu, mpya, unaong'aa mafuta ya kiwandani. Nikaenda nyuma ya duka, nikaufunga ngozi, nikaubana chini ya kidevu, nikasukuma mpaka nikaona nyota. Ulipinda kidogo, kama mtu anayeinamisha kichwa kukusalimia. Nikajaribu tena. Ukakataa. Niliketi juu ya tofali nikahesabu siku, nikarudi kwa Mzee Hamisi nikiwa na hasira ya mtoto. "Mzee, mbona hukutuambia moto unalegeza chuma?" "Mliniuliza? Mlitaka misumari iliyonyooka, nikawanyooshea." Alikuwa anacheka, kisha akauona uso wangu akaacha. "Ile ya Bungoma ni lini?" Nikamwambia. Akafuta mikono kwenye aproni yake ya ngozi. "Mwambie mwenzako. Leo, Rajabu, si kesho."

Nilitembea kuelekea nyumbani nikiwa na nia ya kumwambia, Mungu ni shahidi. Njiani ndipo hesabu ikaanza kuongea. Nikiacha kula mchana, ningeweza kununua robo kilo kwa siku, misumari saba, siku njema minane. Saba kwa mtu mmoja inatosha kuufundisha mkono. Saba kwa watu wawili ni mitatu mitatu na mmoja wa kugombania, na mkono haufundishiki kwa mitatu. Nikimwambia, tutagawana, maana Sifuna hajui namna nyingine ya kuishi na mtu, na tutakwenda Bungoma wote wawili tukiwa nusu. Nisipomwambia, angalau mmoja wetu atafika. Nilipofika mlangoni alikuwa anasonga ugali huku anaimba wimbo wa kanisani, ameweka misumari yake kumi na miwili iliyokunjwa mstarini kama mtoto aliyepanga magari ya kuchezea. "Raja! Leo nimekunja mmoja kwa vidole tu, walahi, uliza jirani!" Nikajiambia siwezi kumvunja moyo mtu mwenye furaha kama hii. Mimi watu wote husema nina moyo wa huruma. Basi siku ile huruma yangu ilinifaa sana.

Nilipata mahali nyuma ya posho mill. Kitale ni mji wa mahindi na ile mashine ya kusaga haikunyamaza tangu asubuhi. Hapo mtu angeweza kulia kwa sauti na asisikike. Kila mchana nilienda na robo yangu, nikaegemea ukuta unaotetemeka, nikasukuma. Viganja vilichanika. Wiki ya kwanza sikukunja hata mmoja mpaka mwisho. Wiki ya pili mmoja. Nilirudi kazini nimepakwa unga kichwani kama mzee, na Mzee Hamisi aliniangalia mara moja asubuhi na mara moja jioni, swali lilelile bila mdomo, na mimi niligeukia gurudumu. Baada ya siku kumi aliacha kuniangalia. Hilo liliniuma zaidi.

Jioni zilikuwa ngumu kuliko misumari. Sifuna alikuwa na kopo la mafuta ya kukamulia, yale wakulima hupaka chuchu za ng'ombe zisipasuke, alilobaki nalo kutoka kazi ya maziwa. Jioni moja alinishika kiganja akakigeuza kwenye mwanga wa taa. "Hii nini, Raja?"

"Gurudumu."

"Gurudumu gani lina meno? Na misumari si ni ileile tunakunja, mbona mimi sina kitu?" Akachota mafuta kwa kidole akaanza kunipaka, polepole, kama anayempaka mtoto. "Mwambie huyo mzee akupe glavu. Hii mikono si yako peke yako, unanisikia?"

"Nasikia."

"Na mbona unanuka unga?"

"Nilimbebea mama mmoja gunia."

"Wewe na hiyo huruma yako." Akacheka. Akakata ugali wake katikati, ule uliotoka kwa shangazi yake, akanisukumia nusu. "Kula bana, umekonda. Watu wataona ati nakunyima." Nilikula. Nilikuwa na njaa ya mchana mzima na niliula wote. Siku moja, wiki mbili kabla ya Bungoma, nilifungua mdomo. "Sifuna, kuna kitu kuhusu ile misumari." "Najua," akasema, "imebaki michache. Mwambie Mzee atunyooshee mingine." Akageukia ukuta akalala, na mimi nikaona nimejaribu. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kujiridhisha kwa sentensi moja.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe tulilala Kamukuywa kwa shangazi. Alikuwa amefunga jogoo mguu mlangoni, na Sifuna alinikabidhi kisu nichinje mwenyewe ili nile bila wasiwasi. Shangazi aliweka chakula mezani, akataka kumpa Sifuna firigisi, maana ndiye mwanaume wa nyumba. "Hapana, senge," akasema, akimwita shangazi kwa Kibukusu. "Mpe Raja. Yeye ndiye amefanya kazi atulishe." Shangazi akatuombea kwa sauti, majina yetu mawili pamoja, kana kwamba ni jina la mtu mmoja. Mimi nilikuwa natafuna firigisi.

Bungoma walikuwa wanatungoja kwenye uwanja nyuma ya ukumbi, vijana wa sarakasi wamekaa juu ya magodoro yao, na watu wa sokoni wamejipanga kwenye ua kuangalia bure. Kiongozi alikuwa Madam Nekesa, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni. Mbele yake kulikuwa na katoni mpya ya misumari ya inchi sita, imenunuliwa asubuhi ile. "Haya, vijana wa Kitale. Mmekula? Si mkuje basi. Ni mitatu tu. Nani anaanza?" Sifuna alikuwa ameshavua shati.

Aliufunga ngozi wa kwanza, akawakonyeza wasichana waliokuwa uani, akasukuma. Nilikuwa nauona uso wake kutoka ubavuni. Kwanza ulikuwa na tabasamu. Kisha tabasamu likabaki peke yake, uso umeondoka. Akashusha mikono, akautazama msumari, akajaribu tena mpaka shingo ikatoa mishipa. "Huyo anakamua ng'ombe!" mtu akapiga kelele uani. "Anza na kijiti, buda!" Sifuna akamgeukia Madam. "Hii imechanganywa na kitu. Hii si msumari ya kawaida." Madam hakukasirika. Alimsogezea katoni. "Chagua mwenyewe, kijana wangu." Akachagua. Akachagua tena. Kwenye wa tatu nilisikia kifundo cha mkono wake kikilia, mlio mdogo kama kuni kavu, naye akaushika mkono kifuani akasimama hivyo.

Akaja nilipo. Macho yalikuwa yamejaa maji lakini hayajamwagika. Akaninong'oneza, "Raja, usiguse. Hawa watu wamefanyia hii chuma kitu. Utavunjika mkono, nakwambia. Twende nyumbani." Akanishika begani kwa ule mkono mzima, akanivuta kidogo kuelekea langoni. Nimeukunja msumari mara nyingi tangu siku ile, mbele ya watoto wa shule, mbele ya waheshimiwa, na watu huniuliza pale pagumu ni wapi. Nawaambia ni mwanzo, kabla haujapinda. Siwaambii kwamba pagumu kuliko pote palikuwa pale, mkono wake begani mwangu, na nilikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kusema ndiyo, twende.

"Wacha nijaribu tu," nikasema.

Wa kwanza ulipokunjika Sifuna aliruka. Aliruka kwa kweli, mkono mbovu kifuani, akapiga kelele, "Huyo ni ndugu yangu! Huyo ni wa kwetu!" Nikachukua wa pili. Sikumtazama lakini nilisikia kelele zake zinapungua, kama redio inayoisha betri, na nilijua anaiangalia mikono yangu, namna ilivyoujua ule ugumu, ilivyokaa pale pale panapostahili bila kutafuta. Wa tatu niliukunja uwanja mzima ukipiga makofi. Nilipoinua macho alikuwa anatazama chini, anasoma ardhi. Madam Nekesa akapuliza filimbi. "Huyu wetu. Jumatatu, saa moja asubuhi." Nafasi ya pili ilikwenda kwa kijana mmoja mpole kutoka Kapsokwony.

Tuliingia hoteli moja karibu na soko. Chai ya maziwa, chapati, televisheni imewashwa na hakuna anayeitazama. Mezani nyuma yetu wanaume wawili walikuwa wanabishana juu ya mbegu ya mahindi. Sifuna alikunywa kwa mkono wa kushoto. Chai ilikuwa nusu alipouliza, "Tangu lini?"

"Wiki sita."

"Wapi?"

"Nyuma ya posho mill." Nikamweleza yote, moto, jivu, tindo ya yule fundi, robo kilo, mpaka na ile hesabu ya mitatu mitatu. Nilieleza haraka haraka, nikidhani nikimaliza kutakuwa na kitu upande wa pili. Akasikiliza bila kunikatiza. Mhudumu alikuja akafuta meza, akaondoka.

"Ungeniambia," akasema.

"Haingetutosha, Sifuna. Saba kwa watu wawili."

"Najua haingetosha. Mimi si mjinga." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Ningesema tugawane. Mitatu mitatu, na ule mmoja tungepigania. Tungekuja hapa, tukose wote wawili, hawa watu watucheke vizuri." Akaizungusha chai kikombeni. "Halafu tungerudi."

Nilitaka kumwambia nitakwenda kwa Madam nikamrudishie nafasi yake. Niliyapanga maneno hayo kinywani yakiwa kamili, na sikuyatoa, kwa sababu nilijua nikiyatoa huenda akaniambia nenda.

Alisimama. Akasema atapitia Kamukuywa amwonyeshe shangazi mkono, nisimngoje. Akafika mlangoni, akageuka, na kwa muda nilidhani sasa ndiyo atanitukana, nikajiandaa kwa furaha. "Jumatatu uwahi," akaniambia. "Hawa watu wanaonekana hawapendi mtu wa kuchelewa."

Niliwahi. Saa moja kasoro dakika ishirini nilikuwa langoni, peke yangu, nimevaa suruali yangu ya Ijumaa.